Mwanamke Hana Dini? Ndoa ya Mroma na Mmoraviani Ambayo Riwaya Zetu Zimeikwepa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa na mchezo wangu. Nikikutana na mpenzi wa riwaya namwomba anitajie riwaya ya Kiswahili ambayo mgogoro wake mkuu ni Mroma kutaka kumwoa Mmoraviani. Au Mlutheri aliyechumbiwa na Mlokole, sichagui. Wengi hufikiri kidogo, kisha hunitajia hadithi ya Mkristo na Mwislamu. Nasema hiyo siyo. Hunitajia ya makabila mawili, ya tajiri na maskini, ya msomi na mwanakijiji. Hizo nazo siyo. Mwishowe huniangalia kama niliyechanganyikiwa: "Lakini hao wote si Wakristo? Ugomvi uko wapi sasa?"

Anayeuliza hivyo hajakaa kwenye kikao cha posa Tabora.

Tuanze na njia. Ile njia ya misafara iliyotoka pwani, Bagamoyo na Saadani, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, haikupitisha pembe za ndovu, vitambaa na watumwa peke yake. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, ndio wale Mapadre Weupe, walipita Tabora wakagawanyika: wengine wakaelekea Nyanza, wengine Tanganyika. Mwaka huohuo watu wa London Missionary Society walikuwa tayari wamefika Ujiji. Mwaka 1879 mmoja wao, daktari Ebenezer Southon, akaweka kituo Urambo kwa mtemi Mirambo. Kituo kile kilikuja kupokelewa na Wamoraviani mwaka 1898, nao wakaenea hadi Sikonge na vijiji vingine vya Unyamwezi. Roma kwa upande wao wakashika Kipalapala, Ndala na Ushirombo.

Wapagazi walikuwa Wanyamwezi walewale. Mtu mmoja aliweza kubeba mzigo wa padre safari hii na mzigo wa mchungaji safari ijayo, kwa ujira uleule wa vitambaa, na asione tofauti ya uzito. Tofauti ilikuja kuonekana baadaye, wajukuu wake walipoanza kupendana. Ugomvi wa Ulaya wa karne ya 16 ulikuwa umefika Unyamwezi kwa miguu, ukiwa ndani ya mzigo, na ukafunguliwa kwenye vikao vya mahari.

Sasa tazama fasihi ilivyoyapita haya yote.

Maandishi ya Kiswahili ya kwanza kabisa ninayoyakumbuka juu ya ndoa ya Tabora yamo ndani ya maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe. Baba yake, mfanyabiashara Mwarabu wa pwani, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Dini mbili, malezi mawili, mila mbili. Ungetegemea msimulizi asimame hapo kidogo. Hasimami. Kwake ndoa ile ni habari ya heshima na mamlaka: baba yangu alioa kwa mtemi, kwa hiyo baba yangu ana nguvu Unyanyembe, basi tuendelee na safari. Karunde aliomba nini usiku, na kwa nani, kitabu hakiulizi. Simlaumu Tippu Tip. Yeye hakuwa mtunga riwaya. Nasema tu kwamba mtindo uliwekwa hapo mapema: mwanamke anavuka kwenda upande wa pili, na msimulizi hageuki nyuma kutazama amevukaje.

Rukia karne ya 20. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, tumeisoma wote, wengine kwa kujificha maana ilipigwa marufuku mashuleni. Ni riwaya ya Ukerewe, siyo ya Unyamwezi, lakini Ukatoliki wake ni uleule uliopita kwetu. Tazama majina: Zakaria, Regina, Flora, Honorata, Sperantia. Hiyo nyumba huhitaji kuulizwa inasali wapi. Zakaria anamlinda Rosa kama mtu anayelinda shamba dhidi ya ngedere. Barua ya mvulana inatosha kumletea kipigo. Hofu yake ni wavulana kama wavulana, na haimpitii kabisa kwamba mvulana anaweza kuwa wa kanisa jingine. Ndani ya kitabu kile dunia ina Ukatoliki na dhambi, basi. Kezilahabi amechambua unafiki wa malezi ya Kikristo kwa ukali ambao hakuna aliyemfikia, lakini Ukristo anaouchambua una mlango mmoja tu.

Hata jina la kitabu lina mlango mmoja. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania. Msomaji aliyelelewa Roma analisikia mara moja, na ndipo kejeli ya riwaya inapomchoma: binti huyu, jina hili, mwisho huu. Msomaji aliyelelewa Moraviani anaona jina zuri tu la msichana. Mimi siri ya jina lile nilielezwa na mama yangu, jikoni, akichambua mchicha. Nilimsomea jalada, naye akaniimbia litania kuanzia mwanzo, bila kukosea hata jina moja. Nikamwambia, mama, umeijua vizuri kuliko baba. Akasema, "Baba yako alizaliwa nayo. Mimi nilifanyiwa mtihani."

Mama ni mtoto wa Moraviani wa Urambo. Baba ni Mroma wa Ndala. Wote Wanyamwezi, lugha moja, na mahari yalipangwa siku moja bila kelele. Kilichochukua miezi ni swali la nani ahame. Na lenyewe halikuwa swali hasa, kwa sababu wazee wa pande zote mbili walikuwa na msemo mmoja wa kulimaliza: mwanamke hana dini. Akiolewa anafuata ya mumewe. Hivyo mwaka 1984 mama alikaa kwenye mafundisho pamoja na watoto wa miaka kumi na miwili, akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, akakariri sala, akapokelewa, akapewa kipaimara. Hakubatizwa tena, maana Roma wanautambua ubatizo wa Moraviani. Kule alikotoka jina lake lilifutwa kwenye daftari la ushirika. Sitayataja makanisa hayo mawili. Watu wake bado wapo, na hawakufanya lolote ambalo majirani zao hawakulifanya.

Ninayaeleza haya kwa sababu hapa ndipo ninapoona jibu la swali langu. Riwaya inahitaji mgogoro unaokawia. Msemo ule unaumaliza mgogoro kabla sura ya kwanza haijaanza. Kama mwanamke hana dini, basi hakuna dini mbili pale mezani. Ipo moja, ya mwanamume, na kilichobaki ni ratiba ya mafundisho. Mwandishi anayekubali msemo huo, hata bila kujua kwamba ameukubali, hana cha kuandika. Mgogoro upo bado, ila umehamia mahali ambapo waandishi wetu wengi hawaingii: ndani ya kichwa cha mwanamke aliyekwisha kusema ndiyo.

Kuna sababu nyingine, ya mitambo. Kwa miongo mingi vitabu vya Kikristo vya Kiswahili vimechapwa na makanisa yenyewe, kila kanisa na mtambo wake. Roma walikuwa na TMP hapahapa Tabora, na Wabenediktini walikuwa na Ndanda na Peramiho. Waanglikana walikuwa na Central Tanganyika Press kule Dodoma. Hadithi ya uchumba iliyotoka kwenye mtambo wa kanisa iliandikwa kwa ajili ya vijana wa kanisa hilo. Ilimuonya msichana dhidi ya mlevi, mhuni na mganga, na mwishowe ikampeleka altareni kwa kijana wa kwaya. Kwaya ya kwao, bila shaka. Mhariri gani wa padre au wa mchungaji angechapa hadithi ambayo shujaa wake anatoka?

Upande wa wachapishaji wasio wa kanisa kulikuwa na ukimya wa aina yake. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 riwaya na tamthilia zilitazama tabaka, kijiji, ukoloni, wazee na vijana. Serikali haina dini, tuliambiwa, na ilikuwa busara njema kwa nchi. Lakini mwandishi siyo serikali. Ebrahim Hussein katika *Wakati Ukuta* alithubutu kuweka jukwaani ndoa ambayo wazazi hawaitaki, na akaisoma kama mgongano wa nyakati, vijana dhidi ya wazee. Ni usomaji mzuri. Ila ukishauzoea, kila ndoa yenye matata unaiona ni ya wakati, na unasahau kwamba wapo vijana wanaopingwa siyo kwa sababu ni wa kisasa, bali kwa sababu babu mmoja alibatizwa kushoto mwa barabara na mwingine kulia.

Wapo watakaosema jambo lenyewe ni dogo. Dini ni ileile, Yesu ni yuleyule, na sheria ya nchi nayo haijali: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaja Mkristo bila kuuliza ni wa kanisa gani, na inataka tangazo la siku 21 kwa kila mtu. Nakubali ni dogo. Ila riwaya imekuwa ikila madogo tangu zamani. Mwenye shaka akamsome Aniceti Kitereza.

*Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, na Kiswahili chake kikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Kitereza alikuwa Mkatoliki aliyesoma seminari. Riwaya yake haina kanisa hata moja. Ameirudisha nyuma, kabla ya wamisionari. Na kitu gani kinaiendesha? Wakwe. Bugonoka hapati mtoto, ndugu wa mume wanamsema, wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao, na Myombekere inabidi amfuate, ajishushe, atozwe pombe, aikusanye, aipeleke. Kurasa na kurasa. Nani alikaa wapi, nani alisalimia kwanza, nani alitumwa, mtungi ulibebwaje. Msomaji mwenye haraka huchoka. Asiye na haraka anagundua kwamba ndoa nzima inapimwa kwenye mtungi ule, na kwamba heshima ya mwanamke inaonekana kwa uzito wa kitu ambacho mume anakubali kukibeba ili arudishiwe mkewe.

Mimi humsoma Kitereza nikijiuliza: je, kama angelitumia jicho hilohilo kwenye ofisi ya parokia? Mvulana na mshenga wake kwenye benchi, katekista na daftari lake, mchungaji anayeombwa barua na kuchelewa kuitoa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wazee wa kanisa wanaomwita baba wa binti "kwa mazungumzo." Haya yana adabu zake, lugha yake, vitisho vyake vya kistaarabu. Yana hata historia ya ajabu isiyotumika: Wamoraviani wa Ulaya wa karne ya 18 walikuwa na desturi ya kupiga kura mbele za Mungu ili kujua kama posa ikubaliwe. Kanisa lililowahi kumwachia Mungu posa zake kwa kura, likakutana Unyamwezi na kanisa lenye sheria ya ndoa iliyoandikwa kanuni kwa kanuni. Jamani, mtunga riwaya anataka nini zaidi?

Badala ya riwaya tumebaki na mahubiri. Ukihudhuria sherehe za kumuaga binti utasikia Ruthu akitajwa kwa hakika kama keki. Mzee anasimama na kumwambia bibi harusi kwamba Ruthu alikubali kwenda aendako mwenziwe, kukaa akaapo, kuwachukua watu wake na Mungu wake. Ukumbi unapiga makofi. Binti anainamisha kichwa.

Nimekirudia kitabu cha Ruthu mara nyingi kama msomaji wa hadithi, na naona ukumbi unakisoma vibaya. Kwanza, Ruthu hasemi maneno yale kwa mume. Mume amekwisha kufa. Anamwambia mkwewe, Naomi, wakiwa njiani, wajane wawili wasio na kitu. Pili, hakuna aliyemlazimisha. Naomi anamsihi arudi kwao, tena zaidi ya mara moja. Tatu, na hili ndilo ukumbi haulitaji kamwe: yupo Orpa. Orpa analia, anambusu mkwewe, anarudi kwa watu wake na miungu yake, na mwandishi hamsemi kwa neno hata moja baya. Ahadi ya Ruthu ina thamani kwa sababu njia ya Orpa ilikuwa wazi. Ukimwondoa Orpa kwenye hadithi, unachobaki nacho ni amri iliyovalishwa shela.

Mama aliyasikia ya Ruthu wiki moja kabla ya harusi yake. Siku ya harusi somo la kwanza lilitoka Kitabu cha Tobiti, ile sala ya Tobia na Sara usiku wa ndoa yao. Ni somo la kawaida la harusi za Kikatoliki na ni zuri mno. Mama alilipenda. Jioni akafungua Biblia yake, Union Version aliyopewa na baba yake, alisome tena kwa utulivu. Akakitafuta mbele na nyuma. Hakimo. Biblia za Kiprotestanti hazina Tobiti. Aliniambia kwamba alikaa na ile Biblia magotini akaelewa kitu ambacho mafundisho ya miezi yote hayakumfundisha: kwamba hata kitabu siyo kilekile.

Mwandishi akinipa tukio hilo tu, likiwa limeandikwa vizuri, nitamsamehe sura tisa mbovu.

Nimalizie na jambo lililonifanya niandike haya sasa. Mwaka 2019 mdogo wangu wa kike alichumbiwa na kijana wa Moraviani, wa Sikonge. Kijana mwema, kazi anayo, wazazi wake watu wa heshima. Barua ya posa ikaja, baba akaisoma, akaikunja. Akasema haiwezekani. Binti yake hatoki Roma. Shangazi, kwa utani ambao haukuwa utani sana, akamkumbusha msemo: kaka, si mwanamke hana dini? Baba akamjibu bila kucheka, "Huo msemo ni wa watoto wa watu."

Sijawahi kusikia uchambuzi mkali wa methali kuliko huo, na mwenyewe hakujua kwamba anachambua. Msemo unaodai kueleza asili ya mwanamke ulikuwa unaeleza tu nani anapoteza na nani anapokea. Ukikupa, ni hekima ya wazee. Ukikunyang'anya, ni wa watoto wa watu.

Tukaenda kwa padre: baba, mama, mdogo wangu na mimi. Padre kijana, mpole, akatueleza ndoa mseto. Kwamba ipo. Kwamba Mkatoliki anaomba ruhusa ya askofu, anaahidi kuitunza imani yake na kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake anajulishwa ahadi hiyo, lakini yeye mwenyewe hatakiwi kuahidi chochote, wala kuhama. Kila mtu anabaki na kanisa lake. Akatoa fomu mezani.

Baba akauliza maswali mengi. Mama akauliza moja: utaratibu huu ni wa lini?

Padre akamjibu vizuri, kama mwalimu. Papa Paulo VI alilegeza masharti mwaka 1970. Kabla ya hapo Mprotestanti naye alitakiwa kuahidi. Halafu Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ikayaweka katika kanuni.

Mama akasema asante. Tulirudi nyumbani kwa miguu, chini ya ile miembe ambayo Tabora yote husema ilipandwa na watu wa misafara. Hakusema kitu mpaka tulipofika mlangoni. Hapo ndipo akaniuliza, siyo kwa hasira, kama mtu anayehakikisha bei: "Kwa hiyo mwaka 1984 hiyo fomu ilikuwepo?"

Ilikuwepo, mama.

Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemfungia mlango kwa makusudi. Msemo ulimfikia kabla ya fomu, na wazee wa pande zote mbili waliona umetosha. Ndiyo maana nadai kwamba riwaya tunayoikosa siyo ya kanisa gani liko sahihi. Hiyo waachie wenye viti vyao. Ni ya mtu anayegundua, baada ya miaka thelathini na mitano ya ndoa ambayo kwa kweli imekuwa njema, mume mwema, watoto wazima, litania kichwani, kwamba palikuwa na njia ya Orpa na hata njia ya tatu, na hakuna aliyemwonyesha. Afanye nini na habari hiyo? Amkasirikie nani? Bado anaipenda litania. Bado anazipenda tarumbeta za Moraviani, akizisikia kwenye msiba wa jirani husimama mlangoni mpaka zimalize.

Mdogo wangu alifunga ndoa mseto. Somo aliloomba ni la Tobiti, na kijana wa Sikonge alilisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mama alikuwa amekwisha kumnunulia Biblia Habari Njema, ile yenye vitabu vyote, ili jioni asikitafute akakikosa.

Mwenye riwaya ninayoitafuta aniletee. Kama haipo, na wewe una kalamu, nakuomba usianzie na harusi. Anzia pale mlangoni.